Sensa ya glukosi ya risasi ya penseli: jinsi ya kuitengeneza kwa bei chee na kuipima kwenye plazma

Haya twende kazi. Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa chuo, walimu wa labu na mafundi wa elektroniki wanaopenda mambo ya biolojia, yani yeyote mwenye benchi, pipeti na friji inayofanya kazi. Kama shida yako ni kujua tu sukari yako iko ngapi leo, nenda duka la dawa kanunue glukomita mambo yaishe, maana hiki tunachotengeneza hapa hakijaidhinishwa na mamlaka yoyote na usije ukampa mtu insulini kwa namba zake. Raha yake iko kwingine: ukishaielewa kwa glukosi, unabadilisha enzaimu tu na unapima laktati (asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa oksijeni), na hapo ndo unaanza kugusa vitu ambavyo hospitali ndogo zinahangaika kuvipata.

Na niseme mapema, watu wakisikia sensa wanawaza saketi na kodi za Arduino, kumbe hiyo ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Kinacholaza watu ni sampuli na kalibresheni, yani kuipima sensa kwa viwango unavyovijua. Kwa hiyo huko ndo nitakaa sana, kwenye saketi nitapita haraka.

Inafanyaje kazi

Wazo lenyewe ni la zamani, Leland Clark na Champ Lyons walilitoa 1962 huko Marekani: unaweka enzaimu juu ya elektrodi, enzaimu inakula glukosi, elektrodi inahesabu kilicholiwa au kilichozalishwa. Enzaimu yetu ni glukosi oksidesi, inatoka kwenye ukungu wa Aspergillus niger. Inachukua glukosi na oksijeni, inatoa glukonolaktoni na hidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ndo tunaipima. Ukitumia platinamu unatakiwa uweke kama volti 0.6 au 0.7 ili peroksaidi iungue, na kwa volti hizo kila kitu kwenye damu kinaungua nacho, vitamini C, asidi ya yuriki, mpaka panadoli aliyomeza mgonjwa asubuhi, vyote vinajifanya sukari. Sisi tunapaka bluu ya Prussia, rangi ya bluu yenye chuma, juu ya grafiti, yani ile risasi ya penseli, na hiyo inapokea peroksaidi kwenye volti karibu sifuri kabisa ukilinganisha na fedha yenye kloraidi. Kwa volti hizo yale mengine yanatulia. Faida ya pili utaiona kwenye saketi, kama ni sifuri basi hatuhitaji potenshiostati, ile mashine ya kushikilia volti ya elektrodi.

Vitu vya kutafuta

Risasi za penseli ya kubofya, HB, milimita 0.7, na penseli yenyewe ile ambayo ncha yake ni ya chuma. Waya wa fedha kama sentimita 5, nenda kwa sonara umwambie unataka fedha tupu, sio ile iliyochanganywa na shaba ya kutengenezea pete, maana shaba itakuharibia volti zako. Jik. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu. Hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa ya asilimia 3. Elektroniki (opampu MCP6002 ya kukuza ishara, moduli ya ADS1115 ya kugeuza volti kuwa namba, Arduino yoyote, rezista, kapasita) utapata Kariakoo Dar au Luthuli Avenue Nairobi, au uagize.

Kemikali: potasiamu ferisayanaidi, feriki kloraidi, asidi ya HCl, KH2PO4, KCl, KOH, glukosi safi ya labu, albumini ya ng'ombe, glutaraldehaidi, glaisini, na glukosi oksidesi yenyewe. Enzaimu ndo ghali kwenye orodha yote, lakini unatumia miligramu moja moja, kwa hiyo kama mko kikundi changeni mnunue kichupa kimoja mgawane. Ikifika tu ingia nayo friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, tena igawe kwenye vichupa vidogo vidogo ili usiwe unafungua kile kile kila siku. Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia.

Hatua ya 1: bafa, yani maji yanayoshikilia pH

Lita moja ya maji yaliyochujwa ioni, weka KH2PO4 gramu 6.8 na KCl gramu 7.46, halafu ongeza KOH kidogo kidogo huku mita ya pH iko ndani mpaka ifike 6.5. Usiseme ah damu ni 7.4 ngoja niweke 7.4. Bluu ya Prussia haipendi alkali, kadiri pH inavyopanda inayeyuka taratibu na sensa inakufa mkononi ukiiangalia, na glukosi oksidesi yenyewe iko vizuri tu kwenye asidi kidogo. Potasiamu nayo sio pambo, bluu ya Prussia inaihitaji iingie na kutoka kwenye fuwele zake ndo ifanye kazi, kwa hiyo usibadilishe ukaweka chumvi ya sodiamu eti kwa sababu ndo iliyopo.

Hatua ya 2: elektrodi ya fedha

Sugua waya kwa msasa laini mpaka ung'ae, osha, uchovye kwenye Jik isiyochanganywa na maji kama nusu saa. Utatoka na rangi ya kijivu iliyoiva au ya zambarau kama kahawia, hiyo ndo silva kloraidi. Suuza vizuri sana. Ukiona mabaka yanang'aa rudisha tena. Huu waya utafanya kazi mbili, kuwa rejea ya kulinganishia volti na kufunga saketi.

Hatua ya 3: bluu ya Prussia kwenye risasi

Tengeneza HCl ya 10 mM (mM ni milimoli kwa lita, sawa na mmol/L). Kwenye mililita 10 za hiyo asidi yeyusha potasiamu ferisayanaidi gramu 0.33, na kwenye mililita 10 nyingine yeyusha feriki kloraidi (ile yenye maji 6) gramu 0.27. Hapo kila moja ni 0.1 M. Zichanganye sawa kwa sawa muda ule ule unapotaka kutumia, sio jana yake, na chovya risasi sentimita 1.5 kwa dakika 10 ukiwa umefunika na foili mwanga usiingie. Toa, suuza na HCl ile ya 10 mM sio na maji ya bomba, kisha kausha kwenye oveni ya labu nyuzi 100 kwa saa moja na nusu. Usifupishe huu muda, kule kukauka ndo kunakoifanya ishike.

Tahadhari moja na hii sio utani: ferisayanaidi usiichemshe na usiikutanishe na asidi kali, inaweza kutoa gesi ya sayanaidi. Kwa asidi nyepesi kama hii na joto la kawaida la chumba uko salama. Mabaki yake yawe na chupa yake yenye lebo.

Zikishapoa ndo unapaka rangi ya kucha, sio kabla ya oveni. Acha sentimita 1 wazi nchani, paka kuanzia hapo kupanda juu, upande wa pili acha wazi pa kushikwa na penseli. Sentimita moja ya risasi ya 0.7 ina eneo la kama sentimita mraba 0.22 na hilo eneo ndo linaamua mkondo wako, kwa hiyo weka rula pembeni upake zote mstari mmoja. Ukipaka kwa macho halafu risasi tano zikakupa namba tano tofauti usilaumu enzaimu. Lehemu waya kwenye ncha ya chuma ya penseli, utakuwa unabofya risasi mpya kila unapotaka. Klipu ya mamba inazivunja.

Jaribu kabla ya kuweka enzaimu, usipoteze hela (hapa utahitaji kisomaji cha hatua ya 5). Chukua peroksaidi ya duka la dawa mililita 1, ongeza maji mpaka jumla 88, hapo una kama 10 mM. Weka risasi na waya wa fedha kwenye mililita 10 za bafa, ukiona mstari umetulia dondosha mikrolita 100. Mkondo uruke ndani ya sekunde chache na utulie juu. Usiporuka, hiyo risasi haina bluu ya kutosha, weka pembeni.

Hatua ya 4: enzaimu

Kwenye bafa yeyusha glukosi oksidesi miligramu 10 kwa mililita na albumini miligramu 20 kwa mililita. Unahitaji mikrolita 90 tu za huo mchanganyiko, zitie kwenye kichupa kidogo cha PCR, ongeza mikrolita 10 za glutaraldehaidi ya asilimia 2.5, changanya kwa pipeti, na hapo saa imeanza kuhesabu kwa sababu itaanza kuganda. Chovya risasi moja, hesabu mpaka tano, toa, simamisha kwenye sponji, ingiza nyingine. Kichupa kimoja kinatosha risasi nyingi tu. Ukiona mchanganyiko umeanza kuvuta kama ute acha, zile za mwisho zitakuwa na tabaka nene na zitajibu kwa uvivu. Glutaraldehaidi inachoma macho na mapafu, fungua madirisha, vaa glavu.

Kausha saa moja mezani, halafu zilale kwenye friji nyuzi 4 usiku mzima. Asubuhi zitie kwenye bafa yenye glaisini 0.1 M robo saa ili kumaliza glutaraldehaidi iliyobaki, suuza, basi. Zihifadhi kavu kwenye friji pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Tengeneza na risasi mbili tatu za albumini tupu bila enzaimu. Hizi ni mashahidi wako. Chochote zitakachoonyesha kwenye plazma sio glukosi, na unakitoa kwenye hesabu.

Hatua ya 5: kisomaji

MCP6002 ina opampu mbili ndani. Ya kwanza inatoa volti ya katikati, 1.65 (nusu ya 3.3), na hiyo inaenda kwenye waya wa fedha na kwenye mguu chanya wa opampu ya pili. Risasi inaingia mguu hasi wa opampu ya pili, na kati ya mguu hasi na mlango wa kutokea unaweka rezista ya megaohmu 1 ikiwa sambamba na kapasita ya nanofaradi 100. Imeisha hiyo. Risasi na fedha ziko kwenye volti moja, tofauti sifuri, na kila maikroampia inayopita inashusha volti ya kutokea kwa volti moja kutoka pale kwenye 1.65. ADS1115 ukiiweka kwenye kipimo cha volti 4.096 inasoma hatua za milivolti 0.125, yani nanoampia 0.125 kwa rezista hiyo, zaidi ya tunachohitaji. Ukiona volti inagonga chini kabisa punguza rezista, weka kilohmu 220.

Usiweke LM358 kwa kuwa ndo iliyopo kwenye droo. Miguu yake yenyewe inavuta makumi ya nanoampia, itakula sehemu ya ishara unayoitafuta.

Mstari ukitetemeka chomoa chaja ya laptopu kwanza kabla hujaanza kubadilisha vitu, mara nyingi ni hiyo. Halafu tia bika na saketi ndani ya kopo la biskuti, unganisha kopo na ardhi ya saketi. Utaona mstari unanyooka, na ukipeleka mkono karibu na waya wala haustuki tena.

Hatua ya 6: kalibresheni

Hapa ndo pa kukaa. Glukosi safi gramu 1.80 kwenye maji mpaka mililita 100 ni 100 mM. Angalia chupa kwanza, kama imeandikwa ina maji ndani yake, yani uzito wa molekuli ni 198 badala ya 180, basi pima gramu 1.98, la sivyo kipimo chako chote kitakosea kwa asilimia 10 na hutajua kimetoka wapi. Glukosi ya kopo ya dukani yenye vitamini achana nayo.

Ukishayeyusha iache mpaka kesho yake. Glukosi kwenye maji ina sura mbili, alfa na beta, ikitulia inafika kama asilimia 36 kwa 64, na enzaimu yetu inakula beta. Ukitumia mchanganyiko wa dakika tano zilizopita utapata namba moja saa tatu na namba nyingine saa nane, chupa ile ile.

Sasa punguza uwe na viwango vya 2, 4, 6, 10, 15 na 20 mmol/L. Kwenye bika dogo weka bafa mililita 1.9, koroga kwa kasi isiyobadilika (feni ya kompyuta iliyogundishwa sumaku inatosha), subiri mstari utulie, hapo usiwe na haraka, halafu ongeza mikrolita 100 za kiwango. Soma mkondo baada ya sekunde 60, toa ule wa mwanzo. Mwaga, suuza, kiwango kinachofuata. Kwa nini hivyo badala ya kudondosha tu glukosi kwenye bika moja mfululizo? Kwa sababu plazma nayo utaifanyia hivyo hivyo, mikrolita 100 kwenye 1.9, kwa hiyo kosa lolote la pipeti au la ujazo linaliwa pande zote mbili na linafutika.

Huku kupunguza mara 20 kuna sababu nyingine kubwa. Sukari ya mtu mzima kiafya akiwa hajala ni kama 3.9 mpaka 5.6 mmol/L, wakati oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya joto la chumba ni kama 0.25 tu. Enzaimu inahitaji vyote viwili, moja kwa moja. Ukiitia plazma nzima nzima oksijeni inaisha kwanza na sensa inapima oksijeni badala ya sukari, mwenye 12 na mwenye 20 wanaonekana ndugu. Kwa sababu hiyo hiyo fanya kalibresheni pale pale utakapopimia, hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na joto nalo likipanda digrii moja enzaimu inabadilika asilimia kadhaa. Ya asubuhi usiitumie mchana wa jua kali.

Chora grafu. Ikinyooka mpaka 10 halafu ikajikunja ni kawaida, tumia ile sehemu iliyonyooka, sampuli ikizidi ipunguze tena.

Hatua ya 7: damu

Kwanza ruhusa. Usianze kutoboa wenzako vidole hosteli. Sampuli za binadamu zinahitaji kibali cha maadili, Tanzania kwa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au kamati ya chuo, Kenya kuna kamati za taasisi na kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Wakati unasubiri tumia maji ya kudhibiti ya glukomita au seramu za kudhibiti za labu, zina kiwango kinachojulikana na hazina virusi vya mtu.

Ukipata sampuli, tumia plazma, yani maji ya damu yaliyotengwa na seli, usitumie damu nzima. Sio suala la uchafu. Seli nyekundu zimejaa katalesi, na kazi ya katalesi ni kuvunja peroksaidi, ile ile unayoipima. Seli zikipasuka kidogo tu ishara inazama, na utadhani mgonjwa ana sukari ya chini. Plazma ikitoka na rangi ya pinki hiyo seli zimepasuka, iandike kwenye daftari na usiiamini.

Muda nao. Damu iliyokaa mezani inaendelea kula sukari yake, inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina fluoraidi ya kuzuia hilo, ila fluoraidi inachelewa, saa ya kwanza mpaka ya pili bado sukari inashuka, kwa hiyo chupa ya kijivu sio ruhusa ya kwenda kula kwanza. Zungusha mapema kwenye sentrifuji, tenga plazma, weka kwenye barafu. Kama hakuna sentrifuji, 2017 Manu Prakash na wenzake wa Stanford walionyesha kile kiduara cha karatasi na uzi wanachochezea watoto kinaweza kutenga plazma ndani ya dakika chache, ila kwa kazi ya kulinganisha na mashine ya hospitali mimi ningeomba sentrifuji ya kweli.

Glavu muda wote, sindano na vioo kwenye boksi la usalama, meza ifutwe na Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, hiyo inakupa klorini kama asilimia 0.5. Jik isikutane na asidi wala na ile chupa ya mabaki ya ferisayanaidi.

Hatua ya 8: jiulize kama namba ni za kweli

Gawa plazma moja mara mbili. Nusu ipime kama ilivyo, nusu nyingine ongezea glukosi unayoijua, tuseme ya kuipandisha 5 mmol/L. Tofauti ikitoka 5 au karibu yake, poa. Ikitoka 3, kuna kitu kwenye plazma kinakula ishara yako na grafu yako nzuri ya bafa haina maana. Pima na risasi shahidi pia.

Kisha linganisha na mashine ya hospitali, sampuli zile zile, siku ile ile. Usije na r (kipimo cha namba mbili kwenda pamoja) ya 0.98 ukadhani umemaliza, sensa inayosoma nusu ya ukweli kila mara nayo inakupa r nzuri. Chora tofauti ya kila jozi ya vipimo. Kiwango cha glukomita cha ISO 15197 cha 2013 kinataka asilimia 95 ya vipimo viwe ndani ya 0.83 mmol/L pale sukari ikiwa chini ya 5.55, na ndani ya asilimia 15 ikiwa hapo au zaidi. Risasi ya penseli kufika hapo ni kazi, lakini kujua uko umbali gani nako ni matokeo ya kuandika kwenye ripoti.

Na usichague enzaimu kwa kufuata bei tu. Kulikuwa na strip za enzaimu inayoitwa GDH-PQQ ambazo hazikutofautisha glukosi na maltosi, wagonjwa waliokuwa wanasafishwa damu kwa maji yenye ikodekstrini, ambayo mwilini inavunjika kuwa maltosi, walisomeka wana sukari nyingi wakati imeshuka, wakapewa insulini. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo 2009 ikataja vifo 13. Glukosi oksidesi haina ugonjwa huo, ni mchaguzi sana.

Ukitaka kwenda laktati

Kila kitu kinabaki, unabadilisha hatua ya 4 uweke laktati oksidesi, na kalibresheni unatumia lithiamu laktati gramu 0.96 kwa mililita 100 kupata 100 mM. Viwango vya damu ni vidogo, 0.5 mpaka 2 mmol/L kwa mtu aliyetulia, kwa hiyo punguza mara 10 badala ya 20, na viwango vyako viwe 0.5, 1, 2, 5 na 10. Enzaimu hii ni laini kuliko ile ya glukosi, tengeneza risasi za wiki hiyo tu. Hapa ndo kazi inanoga kwetu, kwa sababu WHO inahesabu laktati ya 5 mmol/L na zaidi, au glukosi chini ya 2.2, kama dalili za malaria kali, na bika lile lile linaweza kubeba risasi mbili, kila moja na opampu yake, waya wa fedha mmoja. Hakikisha tu haziko karibu sana, peroksaidi ya hii isitembee kwenda kwa ile. Damu ya laktati mgonjwa asikunje ngumi wala mkono usifungwe muda mrefu, na barafu hapo ni lazima.

Kolesteroli iache kwanza. Nyingi imefungwa ndani ya lipoproteini, inataka enzaimu ya pili na sabuni ya kuitoa, na hiyo sabuni inaanza kuchezea tabaka lako la enzaimu.